Ndala za dola 9.99

Begi langu lilibaki njiani. Mimi nilifika Houston, Marekani, jioni moja ya Julai nimevaa viatu vya ngozi nilivyonunua makusudi kwa ajili ya safari, vipya, vinabana. Lenyewe likaja siku ya sita. Mambo ya ndege siyasimulii. Saa 16 umekaa kitini, kilichobaki cha kusema ni mgongo.

Kesho yake mdogo wangu na mumewe walikwenda kazini alfajiri. Nikaachiwa ufunguo, friji kubwa kama kabati la nguo, na noti ya dola 10 mezani. "Kaka, usije ukakwama," alisema. Dirishani nikaona duka, ng'ambo ya barabara, maandishi yake yanasomeka kabisa. Kwa macho ya mtu wa Tanga, pale ni dakika kumi. Nikasema nikatafute ndala, miguu ipumue.

Barabara yenyewe ni barabara kuu ya I-10, upande wa mji wa Katy, ile ambayo pale ilipotanuka zaidi inafika njia 26 ukihesabu na za pembeni. Haivukwi. Unaifuata mpaka upate pa kupita chini ya daraja. Njia ya waenda kwa miguu ilianza vizuri, ikapita mbele ya nyumba, ikapita benki, halafu ikaisha. Haikukata kona wala kuchimbwa. Saruji iliisha tu, kama maneno ya mtu aliyeitwa ndani. Mbele nyasi, kisha mtaro, kisha magari yanayopita kwa kasi ya kukupeperusha shati. Jua la Houston lina unyevu kama wa kwetu, ila kwetu kuna mwembe.

Pikapu ikasimama. Mama wa makamo akateremsha kioo. "Gari lako limeharibikia wapi?"

Nikamwambia sina gari, naenda dukani.

Akaniangalia namna unavyomwangalia mtu aliyetoka kuzika. "Pole sana," akasema, akanipa chupa ya maji ya baridi na kutaka kunipeleka. Nikakataa, nikijidai nimeshakaribia. Ujinga. Nilikuwa sijafika hata darajani.

Nilitumia dakika 50. Ndala nikazipata, nyeusi, bei 9.99. Nikapanga foleni na noti yangu nikijiona mtu wa mahesabu. Dada wa kaunta akapitisha mashine, ikasoma 10.81. Nikamwonyesha kibandiko. Akanionyesha mashine. Kumbe bei ya rafuni ni ya kusalimia. Kodi ya mauzo wanakuongezea ukishafika mbele. Jimbo la Texas linachukua asilimia 6.25, serikali za mitaa zinajazia mpaka 8.25. Kwetu kodi imo humo humo ndani ya bei, unaumia mara moja. Zilipungua senti 81. Ndala nikaziacha pale kaunta, nikarudi na malengelenge mawili.

Jioni shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Ni Mkongomani wa Bukavu, zamani mwalimu wa hesabu, sasa anapakia mizigo usiku na mchana, na tarakimu bado hazijamtoka. "Hapa batu habatembeake na miguu, Shemeji," akaniambia. Katika kaya 10 za Marekani, zaidi ya 9 zina gari. Anayetembea ama ana mbwa, ama ana matatizo, na mimi mbwa sikuwa naye.

Tangu hapo kila tulikokwenda alinipa hesabu. Tulikula mahali, samaki wa dola 18, na risiti ikaja inauliza bakshishi: asilimia 18, 20 au 25? Nikanuna. Akaniambia mhudumu wa Texas mwajiri anaweza kumlipa dola 2.13 kwa saa, kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991, kinachobaki anategemea meza. Nikaacha asilimia 20, bado nimenuna, ila si kwa yule binti.

Jirani yao ni mzee anayeishi peke yake vyumba vitatu. Mwaka 1960 kaya za mtu mmoja Marekani zilikuwa asilimia 13. 2022 zimefika 29. Nyumbani kwa mama, katika vyumba vitatu wangelala wajukuu sita, na mgeni angetandikiwa sebuleni. Yule mzee alinisalimia kila siku kutoka barazani, na siku moja alinieleza habari za nyanya zake kwa karibu saa nzima. Sikuharakisha.

Jumamosi wakanipeleka stoo. Kumbe hata wao wanakodi. Nchi nzima ina maghala zaidi ya 50,000 ya kuwekea vitu visivyoenea nyumbani, na karibu kaya 1 katika 10 inalipia. Mama yangu stoo yake ni uvungu wa kitanda, na kila kilichomo anakijua kwa jina. Shemeji akainua mlango wa bati, vumbi likashuka. Kitanda cha mtoto ambaye sasa yuko darasa la tano, feni mbili, televisheni, katoni ambazo mdogo wangu alizisoma kama mgeni.

Katika ya tatu kulikuwa na ndala. Jozi nne, zimefungwa pamoja kwa uzi wa plastiki, bei bado imebandikwa.

"Lo!" akasema mdogo wangu. "Hizi nilinunua za kuwapelekea nyumbani."

Nikavua viatu pale pale mlangoni, nikachagua za bluu.