Aliyezaa, aliyelea, aliyenyonyesha: kila mmoja na mahali pake kwenye mti wa ukoo

Miti mingi ya ukoo ya kwetu huharibika kwenye swali la kwanza. Ukimuuliza mzee "mama yako ni nani?", huenda akakutajia aliyemlea, na hatakuwa amekudanganya: mama mkubwa ni mama, mama mdogo ni mama, baba mdogo ni baba. Uliza mambo matatu mbalimbali: nani alikuzaa, nani alikulea na tangu lini hadi lini, ulinyonya kwa nani. Andika neno alilolitamka yeye, bila kulinyoosha, pamoja na tarehe ya mazungumzo. Ukiandika "mama" pale aliposema "mama mdogo", atakayesoma daftari baada yako hana njia ya kujua.

Cheti cha kuzaliwa nacho kisomwe kwa makini. Wengi walikatiwa cheti ukubwani, walipotafuta shule au pasipoti, na mlezi akaandikwa kuwa baba. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na ya kuandikishwa. Zikiachana kwa miaka, cheti kinakuonyesha nani alimtambua mtoto. Nani alimzaa ni jambo la kutafutiwa ushahidi mwingine.

Kwenye kompyuta, mtu mmoja ana rekodi moja tu, hata kama ana majina mawili ya baba. Jina la kwa walezi liongeze kama jina la pili ndani ya rekodi ileile, kisha mwunganishe na familia mbili: ya kuzaliwa na ya kulelewa. Katika Gramps, programu ya bure ya kuchora miti ya ukoo, fungua familia, bonyeza mtoto mara mbili, utaona sehemu mbili: uhusiano na baba, na uhusiano na mama. Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Programu hujaza "Birth" (wa kuzaliwa) yenyewe pande zote mbili, na usipoibadilisha umemfanya mama wa kambo kuwa mzazi wa damu. Mtoto wa kambo: kwa baba acha "Birth", kwa mama weka "Stepchild". Aliyeasiliwa mahakamani ni "Adopted". Aliyelelewa tu kwa makubaliano ya ndugu ni "Foster". Msichanganye hawa wawili, maana amri ya mahakama hubadilisha haki za mtoto kisheria, na malezi ya kifamilia hayabadilishi.

Ukihamisha faili kwa GEDCOM 5.5.1, muundo wa faili wa kupeleka mti kutoka programu moja hadi nyingine, alama ya PEDI hueleza uhusiano wa mtoto na familia nzima, haimtenganishi baba na mama. Gramps hutumia alama zake, _FREL kwa baba na _MREL kwa mama, ambazo programu nyingine zinaweza kuziruka. Kwa hiyo andika sentensi moja ya wazi kwenye maelezo ya mtoto pia.

Ndugu wa kunyonya wanahitaji uangalifu zaidi ya wote. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, sharti ni kunyonya mara 5 kabla ya kutimiza miaka 2. Aliyenyonya anakuwa ndugu wa watoto wote wa yule mama, na haoani nao, ila hawarithiani kwa kunyonya huko. Ndugu zake wa tumbo moja ambao hawakunyonya hapo hawaingii. Ukimweka kama mtoto wa familia ile, mti unachanganya nasaba na urithi. Tumia ASSO, alama ya GEDCOM inayounganisha mtu na mtu. Ndani yake RELA, sehemu ya kutaja aina ya uhusiano, inabeba herufi 25, na "ndugu wa kunyonya" inaenea. Iandike kwenye rekodi za pande zote mbili, kwa sababu kiungo hiki huenda upande mmoja tu. Somo na msimamizi wa ubatizo wakae hukohuko.

Kabla ya kumpa mtu faili, kumbuka kuna watu wazima ambao hawajaambiwa kwamba waliasiliwa. Rekodi hizo zitie alama ya kufuli, na wakati wa kuhamisha chagua kuziacha nje. Kisha lifungue faili lenyewe uhakikishe hazimo.