Siri ya mgonjwa kabla hajafika hospitali

Ukitaja usiri wa taarifa za mgonjwa, wengi huwaza mafaili, kompyuta na nywila. Mgonjwa wa dharura hupoteza siri yake mapema zaidi, kabla hajaandikishwa popote. Yuko kando ya barabara, umati umemzunguka, na mhudumu wa gari la wagonjwa anauliza kwa sauti, "Dada, una ujauzito? Unatumia dawa gani?" Jibu linasikika kwa wote, na hakosekani anayerekodi kwa simu. Au mgonjwa anakana kwa sababu mama mkwe amesimama pale, na kwenye fomu linaandikwa neno "hapana". Hili la pili linanitisha kuliko la kwanza, maana uongo ule unasafiri na mgonjwa hadi mezani kwa daktari.

Chukua binti wa miaka 19 aliyezimia akilalamikia tumbo la chini. Mbele ya baba yake atasema hedhi yake iko sawa. Kumbe mimba imetunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, damu inavujia tumboni, na hospitali imeambiwa ijiandae kwa maumivu ya tumbo tu. Chukua pia mzee wa miaka 58 mwenye maumivu ya kifua, na kwenye sanduku lako wewe mhudumu mna naitreti, dawa ya kupanua mishipa ya damu, ya kuweka chini ya ulimi. Kama amemeza sildenafili, ile dawa ya nguvu za kiume, ndani ya saa 24 zilizopita, au tadalafili, ya kundi hilohilo, ndani ya saa 48, naitreti inaweza kumshusha presha ghafla hadi akapoteza maisha. Mbele ya mke na shemeji zake hatasema. Atakwambia wewe peke yako, ukimpa nafasi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mpangilio wa maswali. Njia ya hewa, upumuaji na damu inayotoka havina siri. Vishughulikie papo hapo. Maswali ya ujauzito, VVU, dawa za kulevya, ugonjwa wa akili, kujaribu kujiua na ukatili wa nyumbani yasubiri mlango wa gari ufungwe, isipokuwa jibu lake linabadilisha unachofanya dakika hiyo. Ndugu aliyeng'ang'ania machela usimfukuze, mpe kazi: "Mama, tunaomba ukatuletee kadi yake ya kliniki, dawa zote anazotumia na khanga mbili." Hapo umepata dakika mbili za faragha, na dawa pia zimekuja. Kama lazima asindikize, akae mbele na dereva, na kidirisha cha katikati kifungwe.

Swali lenyewe nalo lina namna yake. Anza na, "Maswali haya tunamuuliza kila mgonjwa, na majibu yanabaki kwa wanaokutibu." Usiahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu daktari utamwambia, na mgonjwa akija kugundua ataacha kukuamini wewe na huyo daktari. Pale ambapo haiwezekani kabisa kuwatenga watu, uliza kwa sauti ya chini sikioni, ukiwa umemshika mkono: "Kama ni ndiyo, nibinye." Mtoto wa mgonjwa asitumike kumtafsiria mama yake maswali ya aina hii. Na kama hukupata nafasi ya kuuliza, andika "halikuulizwa, hapakuwa na faragha". Ukiandika "hapana", daktari atadhani swali limejibiwa na hatalirudia.

Aliyepoteza fahamu ana shida yake ya pekee, maana sasa ni mifuko yake inayozungumza. Mpekue mkiwa wawili, au mbele ya askari, na mtafute vitu vitatu tu: utambulisho, dawa, na kadi za matibabu. Simu nyingi zina sehemu ya taarifa za dharura inayosomeka hata skrini ikiwa imefungwa. Inatosha hiyo, usichukue kidole cha mgonjwa kufungulia meseji zake. Kichupa cha dawa kisiinuliwe juu na kusomwa kwa sauti. Kitie kwenye mfuko usioonyesha ndani pamoja na kadi ya CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) au kadi ya kliniki ya mama mjamzito, umkabidhi daktari mkononi.

Kwenye fomu andika ulichokiona, usiandike ulichokisia. Ukikuta kichupa cha tenofovir, lamivudine na dolutegravir, andika majina hayo na idadi ya vidonge vilivyobaki. Usiandike "ana VVU". Vidonge hivyo hupewa pia mtu aliyepata ajali ya sindano au aliyebakwa, ili kumkinga, na tenofovir hutibu pia homa ya ini aina ya B. Mhudumu anayegeuza kichupa kuwa ugonjwa amevujisha siri ambayo huenda hata si ya kweli.

Hapa kuna hoja ambayo wahudumu wengi huitoa kwa nia njema: tuambiwe nani ana virusi ili tujikinge. Kinga haifanyi kazi hivyo. Glavu, miwani, na kisanduku cha sindano kilicho karibu na mkono wako ni vya kila mgonjwa, kwa sababu kuna walioambukizwa wasiojua hali zao, na homa ya ini haimo kwenye kadi ya mtu. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa mara moja. Dawa ya kinga ianze ndani ya saa chache, na isipite saa 72, kisha imezwe siku 28. Mgonjwa ataombwa ridhaa ya kupimwa hukohuko hospitali, na majibu yatakwenda kwa mganga anayekuhudumia wewe uliyejichoma. Wenzako wa zamu hawayahitaji.

Tukija kwenye redio, chukulia kwamba mji mzima unasikiliza. Masafa ya kawaida ya VHF yanapokeleka kwa kifaa cha bei ndogo, na hata yasiponaswa, kuna redio nyingine kwenye gari jingine lenye madirisha wazi. Simu ikiwa kwenye spika haina tofauti. Hospitali haihitaji jina ili kuandaa kitanda. Inahitaji umri, muda, chanzo, majeraha, vipimo na huduma iliyotolewa. Mfano: "Mwanaume, takriban miaka 35, ajali ya pikipiki saa 2:10 usiku. Mvunjiko wazi mguu wa kulia chini ya goti, damu imedhibitiwa. Presha 95 kwa 60, mapigo 118, pumzi 24, oksijeni 93, fahamu 14 kati ya 15. Amewekewa oksijeni na dripu moja. Tunafika dakika 12." Hiyo ni nusu dakika ya maneno, imekamilika, na hakuna jirani atakayemtambua. Jina lipite kwa simu ya mkononi iliyo sikioni, au lisubiri makabidhiano. Katikati hapo tumia namba ya tukio. Kifo pia hakitangazwi redioni. Familia isije ikapata habari kwa dereva wa gari lililopita, na wajibu wa kutunza siri hauishi mgonjwa anapofariki.

Mfumo wa m-mama hapa Tanzania unaonyesha vizuri jinsi ya kugawa taarifa. Mama mjamzito, aliyejifungua au mwenye kichanga akipata dharura, simu hupigwa 115, na pasipo gari la wagonjwa huitwa dereva wa jamii mwenye gari lake. Dereva huyo anahitaji kujua mahali pa kumchukua, namba ya simu ya mwenyeji, kituo cha kumpeleka, na kama anatakiwa kuwahi. Ugonjwa haumhusu. Maelezo ya rufaa yawe kwenye bahasha iliyofungwa, mikononi mwa muuguzi anayesindikiza. Pale bahasha inapopewa dereva ikiwa wazi, au karatasi inapowekwa juu ya dashibodi, kijiji kizima kinaweza kujua majibu ya vipimo vya mama kabla ya saa sita mchana. Mwaka unaofuata, mama huyo au jirani yake anaamua kujifungulia nyumbani.

Sasa WhatsApp, ambako naamini siri nyingi zaidi zinapotelea siku hizi kuliko kwenye kompyuta zilizodukuliwa. Makundi ya kuratibu rufaa yanaokoa maisha, sitaki yafungwe. Lakini angalia kinachotokea mtu anapotuma picha ya fomu ya rufaa kwenye kundi la watu 140: picha inajihifadhi kwenye simu zao zote, humo mna waliohamia wilaya nyingine na walioacha kazi, simu nyingine zinachezewa na watoto nyumbani, na nyingi zinapeleka nakala ya kila picha mtandaoni zenyewe. Ukifuta yako, zilizobaki hazijaguswa.

Kwa hiyo kwenye kundi andika mahitaji tu: "Namba ya tukio 27, mama, wiki 34, kifafa cha mimba, anahitaji upasuaji, nani ana nafasi?" Jina, kijiji na picha vibaki nje. Aliyejibu ana nafasi, mpigie. Kama daktari anahitaji kuona mchoro wa moyo au jeraha, mtumie yeye peke yake, kwa picha ya kutazamwa mara moja, baada ya kukata sehemu yenye jina, sura, chale au tatuu. Zima upakuaji wa picha wa kujiendesha, na weka ujumbe ujifute baada ya saa 24. Ukishamaliza, futa picha kwenye simu, kisha ingia kwenye kapu la zilizofutwa, maana huko hukaa takriban siku 30 zaidi, halafu hakikisha haijapanda mtandaoni. Epuka kutuma picha kama faili la waraka: ikitumwa hivyo, alama za mahali ilipopigwa zinaweza kubaki ndani yake. Viongozi wa kundi wapitie orodha ya wanachama kila mwezi na kuwatoa wasio kazini. Ni kazi ya dakika kumi.

Karatasi nazo zina mianya yake. Vipimo ulivyoandika kwenye plasta pajani au mgongoni mwa glavu vitupwe kwenye taka za hospitali, visibaki kwenye sakafu ya gari. Gari lisipelekwe kuoshwa kabla ya kupekua chini ya machela na mfuko wa mlango. Kifaa cha kupimia moyo hutunza kumbukumbu ya wagonjwa. Kabla ya kukipeleka kwa fundi, hamisha kumbukumbu kisha zifute. Karatasi ya mchoro wa moyo huchapwa kwa joto, hivyo hufifia ikikaa juani. Iambatanishe na fomu mapema, badala ya kuipiga picha "isije ikapotea".

Makabidhiano yafanywe kitandani, pazia limevutwa, kwa aliyepokea mgonjwa na si kwa yeyote aliyevaa koti jeupe. Yanayosemeka kwa sauti yasemwe, yale ya siri umwonyeshe kwa kidole kwenye fomu. Baada ya saini, mgonjwa si wako tena. Kutaka kujua aliendeleaje ni jambo jema, ila liombwe kwa mkuu wa idara kwa ajili ya mafunzo. Usimwombe rafiki afungue faili. Na kwenye mafunzo hayo, kufuta jina hakutoshi. "Mwalimu mkuu aliyeanguka kanisani Jumapili" anajulikana na kata nzima.

Nje ya hospitali kuna wanaouliza. Mwajiri, mwandishi wa habari, bodaboda wenzake: wote jibu lao ni moja, "Yuko njiani kupata matibabu, familia itazungumza na daktari." Askari anahitaji idadi ya majeruhi, hospitali walikopelekwa na muda, fomu ya polisi ya majeruhi, PF3, itajazwa na daktari, na damu inayotoka haisubiri karatasi. Historia ya magonjwa ya majeruhi haimo kwenye mahitaji ya askari wa barabarani. Aliyeumizwa na mwenza wake, hata jina la hospitali lisitajwe mbele ya watu, kwa sababu aliyempiga anaweza kuwa ndiye anayeuliza kwa machozi. Wanaorekodi video usigombane nao. Watu wawili washike shuka, kazi iendelee.

Kuna siri ambayo lazima itoke. Mtoto anayeonekana kudhulumiwa aripotiwe ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Dalili za kipindupindu au za homa ya kuvuja damu, kama ilivyokuwa kwa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025, zipelekwe haraka kwa mganga mkuu wa wilaya, zikiwa na jina, makazi na orodha ya waliomgusa mgonjwa. Zikiishia kwake, ufuatiliaji unafanikiwa. Zikifika mtaani kwanza, waliomgusa wanakimbia.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na inaruhusu zitumike bila ridhaa pale uhai unapotegemea hilo na mhusika hawezi kuridhia. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inawafunga hata watunza kumbukumbu. Kenya wana sheria yao ya ulinzi wa data ya 2019, inayoipa taasisi iliyokuwa inasimamia taarifa zilizovuja saa 72 kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Fomu ikipotea au simu ya kazi ikiibwa, usisubiri zamu iishe. Mwambie msimamizi saa hiyohiyo, simu ifungwe na kufutwa kwa mbali, laini izuiwe, namba itolewe kwenye makundi yote. Kisha andika bila kupunguza: wagonjwa gani walikuwemo, taarifa zipi, mara ya mwisho ilionekana wapi. Orodha hiyo ndiyo itakayoiwezesha taasisi kuijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa, na kumpigia kila mgonjwa kwenye namba yake mwenyewe, si ya ndugu aliyeandikwa kwenye fomu.