Jumatatu Carillion ilipofilisika

Januari 15, 2018 nilikuwa Birmingham, kwenye ofisi ya mkandarasi mdogo wa dari na kuta za jasi, kazi yangu kuandaa madai ya malipo ya kila mwezi. Asubuhi na mapema habari ikafika: Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi ya Uingereza, iko mikononi mwa mfilisi.

Hatukuwa tunawadai. Hata hivyo simu hazikukoma, maana Hospitali ya Midland Metropolitan waliyokuwa wakiijenga pale Smethwick ilikuwa jirani, na kila fundi alikuwa na mwenzake kule. Swali lilikuwa moja: kampuni yenye kazi tele namna ile inakufaje? Ndugu yangu wa Muscat naye akauliza hivyohivyo. Kwao jina hilo ni la waliojenga Jumba la Opera.

Kazi tele si fedha mkononi. Carillion ilizaliwa 1999 ilipotengwa na kampuni ya Tarmac, ikainunua Mowlem mwaka 2006 na Alfred McAlpine mwaka 2008. Ziada iliyolipwa juu ya thamani ya mali halisi za kampuni hizo ikabaki vitabuni kama mali, lakini mali ya aina hiyo hailipi mshahara wa mtu. Zabuni nazo zilichukuliwa kwa faida nyembamba, hivyo mradi mmoja ukikwama unameza faida ya mingine kadhaa. Pengo likazibwa na wakandarasi wadogo: ankara zilikaa hadi siku 120. Asiyeweza kungoja alilipwa na benki kwa kukatwa kidogo, kisha kampuni ikairudishia benki baadaye. Kwangu mimi huo ni mkopo, ila vitabuni haukuandikwa hivyo.

Julai 2017 wakakiri pengo la pauni milioni 845 kwenye mikataba. Siku ya kufa zilibaki pauni milioni 29 dhidi ya madeni ya karibu bilioni 7. Hazikutosha hata kugharimia usimamizi wa kuinusuru.

Mchana bosi, akihofia wengine nao wasije wakaanguka, akatuma watu kwenye saiti zote tulizofanyia kazi wakandarasi wakuu wengine. Bodi na reli za chuma ambazo hazijafungwa zihesabiwe, zipigwe picha pamoja na hati za kupokelea. Mkataba ukisema hivyo, mzigo ambao haujalipiwa bado ni wa muuzaji. Ukishapigwa skrubu ukutani, ni sehemu ya jengo. Mimi nikaachiwa fedha za zuio, zile asilimia chache zinazoshikiliwa hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro, kiishe. Nilianza na majengo ya zamani kabisa, ambayo tarehe zake zilishapita na hakuna aliyekumbuka kudai.