Buluu Iliyogoma Kubadilika

Programu zilikuwa tatu, zote za kompyuta ya mezani, zote za WPF, mfumo wa Microsoft wa kuunda madirisha ya programu za Windows, na zote nilikuwa nimeziandika mimi. Kila nilipoanza mpya nilinakili mafaili ya mitindo, yaani yanayopanga rangi na sura ya vitufe, kutoka iliyotangulia, kisha nikayarekebisha papo kwa papo. Dada mmoja aliyekuwa akizitumia zote kwa siku moja ndiye aliyenishtua. "Kaka, huku kitufe cha kijani kinahifadhi, kule cha kijani kinafuta. Jana nimefuta kazi ya asubuhi nzima."

Sikulala vizuri usiku ule. Kosa lilikuwa langu, lakini aliyepoteza kazi ni yeye.

Kesho yake nikaunda mradi wa maktaba, yaani wa vitu vinavyotumiwa na programu zaidi ya moja, nikauita Mitindo. Nikahamishia humo folda ya Sura kutoka programu ya kwanza, yenye Rangi.xaml na Vitufe.xaml. Kisha kwenye App.xaml, faili kuu la mipangilio ya programu, ndani ya MergedDictionaries, orodha ya mafaili ya mitindo ya kupakia, nikaelekeza /Mitindo;component/Sura/Vitufe.xaml: jina la maktaba, nukta mkato, neno component, halafu njia ya faili. Programu ikafunguka kwa jaribio la kwanza, vitufe vyote mahali pake. Nilifurahi mno.

Nikabadilisha buluu ndani ya maktaba. Nikajenga upya, nikafungua. Buluu ni ileile ya zamani.

Nilifuta folda za bin na obj, yanamokaa matokeo ya ujenzi uliopita, nikajenga tena. Wapi! Nikamshuku StaticResource, njia ya kuita rangi kwa jina mara moja tu, nikapita faili hadi faili nikiweka DynamicResource, inayofuata mabadiliko programu ikiendelea, mahali pake, ingawa nilijua fika kwamba StaticResource husoma thamani faili linapopakiwa, na mimi programu nilikuwa naifunga na kuifungua upya kila mara. Jioni mbili zikaishia hapo.

Jioni ya tatu nikaiacha, nikaunganisha programu ya pili. Hiyo haikufunguka kabisa. Ilitoa kosa kwamba rasilimali sura/rangi.xaml haipatikani, na nashukuru hadi leo kwamba iligoma. Programu ya pili haikuwa na folda ya Sura. Kwa nini basi itafutwe huko, wakati Rangi.xaml imo ndani ya maktaba?

Nikafungua Vitufe.xaml. Juu kabisa palikuwa na Source="/Sura/Rangi.xaml", mstari wa kuita faili la rangi, niliouhamisha kama ulivyokuwa. Ule mkwaju (/) wa mwanzo hauanzii kwenye mzizi wa maktaba. Unaanzia kwenye mzizi wa programu inayoendeshwa. Na programu ya kwanza bado ilikuwa na Sura yake ya zamani, kwa sababu nilikuwa nimenakili bila kufuta. Siku zote tatu vitufe vilitoka maktaba, rangi zikitoka kwenye faili nililodhani nimeshaachana nalo.

Ningeweza kuandika Rangi.xaml tu bila mkwaju, kwa kuwa mafaili hayo mawili yako folda moja. Nilichagua njia ndefu, /Mitindo;component/Sura/Rangi.xaml, ili anayesoma aone faili ni la nani. Nikafuta Sura ya zamani. Buluu ikabadilika, programu ya pili nayo ikafunguka.

Ya tatu ilikuwa bado, na majina ya mitindo yake yalitofautiana na ya wenzake karibu yote. Nikaanza na kitufe cha kufuta. Nikakipa nyekundu isiyotumika popote pengine, nikaihamishia programu hiyo kwenye maktaba dirisha moja baada ya jingine.