Nilivyowasimulia vijana wetu maisha ya Doc Seaman wakanielewa

Hapa Calgary, Kanada, kila mtoto wa Kiswahili anaijua Flames, timu yetu ya hoki ya barafuni. Anayejua timu hiyo ilifikaje hapa ni wa kutafutwa kwa tochi. Jumuiya yetu iliponiomba nizungumze na vijana, nikamchagua mmoja wa walioileta, Daryl Seaman, aliyejulikana kama Doc, mtu wa mafuta.

Ushauri niliopewa bado unanikera. "Anza na kombe la ubingwa la 1989, vijana wanapenda ushindi." Kwa kundi la kwanza nikafuata hivyo: Flames wanaifunga Montreal kwao, mechi ya sita, kombe hilo linakuja Calgary. Wakapiga makofi, wakarudi kwenye simu zao. Seaman mwenyewe hawakumwona kabisa.

Kundi la pili nikaanza na mashimo. Mafuta yaligunduliwa Leduc, hapa mkoani Alberta, mwaka 1947. Seaman, kijana wa mkoa jirani wa Saskatchewan aliyerusha ndege za kivita kisha akasomea uhandisi, akaingia kazini 1949 na mtambo wa kutoboa mashimo membamba. Hayo hayakuwa visima. Ndani yake hutiwa baruti, inalipuliwa, na mtikisiko unaorudi kutoka kwenye miamba unawaonyesha wataalamu pa kuchimba.

Maneno hayo peke yake yasingetosha. Nikawaambia walaze sikio juu ya meza ndefu ya ukumbini, wote, hata wakubwa. Nikagonga upande wa pili kwa kijiko: koh! Halafu nikatandika blanketi lililokunjwa, nikagonga juu yake. "Mjomba, imezama!" akaruka binti mmoja. Nikamwambia ndivyo ardhi inavyojisema yenyewe: mwamba mgumu hivi, tabaka laini vile. Tuligonga mpaka msimamizi wa ukumbi akaja kuchungulia. Gharama yote ni mandazi na juisi, dola thelathini hivi. Blanketi la nyumbani.

Kuanzia hapo walinifuata wenyewe. Mashimo yakazaa kampuni ya uchimbaji, kampuni ikakua ikawa Bow Valley Industries, ikafika hadi Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1980 mfanyabiashara Nelson Skalbania aliinunua timu kutoka Atlanta kwa dola milioni 16 za Kimarekani, na Seaman na wenzake wa Calgary wakaingia ubia. Mwaka uliofuata wakazinunua hisa za Skalbania. Mvulana mmoja akauliza, "Kwa hiyo timu ilinunuliwa kwa mashimo?" Nikamkumbatia. Ukiwafundisha vijana habari za tajiri yeyote, waonyeshe kwanza kazi iliyomtoa jasho.

Nilichokipenda zaidi kwa mzee huyu ni kwamba yeye na wenzake walitaka timu isaidie pia hoki ya watoto nchini. Hilo nilisema nimesimama, na nililisema mara mbili.

Kina mama wameshaomba kingine. Mwezi ujao ni Harley Hotchkiss, naye wa mafuta, naye alikuwa kwenye kundi lile la wanunuzi. Meza nimeshaiwekea oda.