Asilimia mia ya wangapi?

Matokeo ya Form Four yakishatoka, mabango ya shule binafsi hujaa barabarani hapa Morogoro: UFAULU 100%. Simu nazo huanza. "Shem, hii shule vipi? Wamefaulisha wote!" Kwa kuwa nafundisha hesabu, ndugu wamenifanya mganga wa namba. Nami huwarudishia swali: wote wangapi, na wamefaulu kwa kipimo gani?

Kwa takwimu za taifa, aliyefaulu ni yeyote mwenye Division One, daraja la juu kabisa, hadi Four, la mwisho kabla ya zero. Shule inaweza kuwa na One mbili na Four hamsini, bango likaandika asilimia mia, na lisiwe limedanganya hata chembe. Mzazi anayewaza Form Five ndiye atakayeshtuka baadaye, maana Four kwa kawaida haimfikishi mtoto huko.

Mfano ninaoupenda ni mtihani wa 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013 nchi ilitaharuki: ufaulu asilimia 34.5, waliobaki zero. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Ikabainika kwamba Baraza la Mitihani lilitumia utaratibu mpya wa kupanga madaraja. Serikali ikayafuta matokeo, yakapangwa upya kwa utaratibu wa 2011, na ufaulu ukawa asilimia 43.08. Hakuna mtoto aliyerudi chumba cha mtihani. Karatasi zilezile, majibu yaleyale, na taifa likawa limefaulu zaidi.

Mwaka uliofuata ndio kabisa. Ufaulu ulifika 58.25, tukaambiwa umepanda kwa asilimia 15.17. Hiyo ni tofauti ya pointi. Ukitaka asilimia, kutoka 43.08 hadi 58.25 ni ongezeko la 35 hivi, kwa hiyo watangazaji walijipunja sifa wenyewe! Lakini hilo dogo. Kubwa ni kwamba alama zilikuwa zimepangwa upya: C ikaanzia 40, D ikaanzia 30, ikaongezwa na E ya kuanzia 20. Muuza mchele akibadilisha kopo la kupimia, idadi ya makopo haikuambii kama mchele umeongezeka. Huenda watoto walisoma zaidi kweli. Namba zile hazikuweza kutuonyesha.

Turudi kwenye bango. Walimu tunayajua ya sirini: mtoto dhaifu huambiwa akariri darasa, au ahame, au asajiliwe kituo kingine kama mtahiniwa wa kujitegemea, ili asiharibu wastani. Halafu kuna udogo wa shule. Penye watahiniwa 12, mmoja akianguka umeshapoteza asilimia 8. Ndiyo maana enzi za kutangaza shule kumi bora, Baraza liliziweka kando shule zenye watahiniwa chini ya 40. Kumi bora zenyewe ziliachwa Januari 2023. Mabango hayajaachwa.

Kwa hiyo shem namwelekeza kwenye tovuti ya Baraza. Matokeo ya kila shule yamo, ya Form Two na ya Form Four. Fungua Form Two ya miaka miwili nyuma, hesabu vichwa, kisha fungua Form Four ya kundi hilohilo. Tuseme kule walikuwa 90, huku wamefanya 61. Mpigie mkuu wa shule, kwa heshima, umuulize wale 29 wako wapi. Atakwambia walihama. Muulize walihamia wapi, na kwa nini wakati mmoja.