Nyasi za ua wa pwani: nilivyochagua na ninavyozitunza

Ua wangu uko Dar es Salaam, mita 10 kwa 8. Udongo ni mchanga, maji ya kisima yana chumvichumvi, na upande mmoja una mwembe mkubwa. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyoamua nyasi gani ipandwe, na ningemshauri yeyote aanze na ua wake kabla hajaenda kwa wauza miche, kwa sababu kule kila kiroba kinapendeza.

Kwanza nilipima jua. Nilichomeka vijiti sehemu sita za ua, kisha kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, niliandika kijiti kipi kina jua na kipi kina kivuli. Penye jua kali kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, nyasi za ukoka na paspalumu hustawi. Chini ya mwembe jua lilifika kwa muda wa saa tatu hivi tu kwa siku, tena la vipande vipande. Ukoka ukiwekwa mahali kama hapo hurefusha shina kutafuta mwanga, majani yanapungua, na baada ya miezi michache unaona udongo mtupu. Hapo nilipanda zile nyasi za majani mapana ambazo wengi huziita Pemba. Zinavumilia kivuli, ingawa nazo hazimudu giza la siku nzima.

Sehemu ya jua nilichagua paspalumu badala ya ukoka kwa ajili ya maji. Ukoka unahimili chumvi kiasi, lakini paspalumu ni nyasi ya fukwe, chumvi ndiyo makazi yake, na haihitaji mbolea nyingi kama ukoka. Nyasi ya kikuyu sikuifikiria kabisa. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwenye baridi. Ukiiona imependeza Limuru, kule Kenya, usiibebe kuja pwani.

Kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote ni ndago. Ukilima ndago kwa jembe unazisambaza: kila kitunguu kidogo kinachobaki ardhini huota upya. Kwa hiyo nilimwagilia eneo tupu, nikaacha ndago zichipue hadi majani matano au sita, nikapuliza glaifoseti, dawa ya kuua magugu, zikiwa mbichi, nikasubiri wiki mbili bila kugusa ili dawa ishuke hadi kwenye vitunguu. Nikamwagilia tena, zikachipua chache, nikapuliza tena. Ni karibu miezi miwili kabla ya kupanda mche wowote, na anayeruka hatua hii atakuwa aking'oa ndago katikati ya nyasi miaka yote.

Baada ya hapo nilitandaza samadi iliyooza vizuri, unene wa sentimita 2. Kwa mita za mraba 80 ni toroli 25 za lita 65. Nililima kina cha sentimita 15 kuichanganya na mchanga, nikasawazisha kwa reki na ubao mrefu, nikiacha mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kutoka ukuta wa nyumba. Samadi mbichi usiitumie. Inaunguza mizizi na kuleta magugu.

Vipando nilivikata vyenye pingili tatu au nne. Pingili mbili au tatu zinafukiwa, moja yenye majani inabaki juu, udongo unakandamizwa kwa kisigino. Nafasi ni sentimita 15 kila upande, yaani vipando kama 44 kwa mita moja ya mraba. Kipando kikikauka kabla ya kufukiwa hakina maana, kwa hiyo kiroba kikae kivulini, kiwe na unyevu, na kiishe siku hiyohiyo. Wiki mbili za mwanzo nilimwagilia kidogo asubuhi na alasiri.

Nyasi zikishashika, utaratibu wa maji unageuka. Nyasi zangu zinahitaji milimita 25 kwa wiki, ambazo ni lita 25 kwa mita ya mraba: lita 2,000 kwa ua wote, tanki moja kamili. Kwa sababu mchanga haushiki maji, nagawa mara mbili. Kumwagilia kidogo kila jioni ndiko kunakoharibu: mizizi inabaki juu, maji yanakauka, na chumvi ya kisima inajikusanya palepale kwenye mizizi. Mara mojamoja nazidisha maji makusudi ili chumvi isukumwe chini. Kipimo changu ni kopo la samaki katikati ya nyasi; likifika milimita 12 au 13, nahamisha mpira.

Kukata nako kuna kanuni moja: usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu. Paspalumu naikata iwe sentimita 4, hivyo naikata kabla haijapita 6. Pemba inabaki sentimita 7. Ukiacha nyasi zifike 12 halafu ukashusha hadi 4 kwa siku moja, unabaki na vishina vya kahawia, kwani majani mabichi yote yalikuwa juu. Inama uangalie ncha za majani siku ya pili: zilizokatwa kwa kisu kikali ni nyoofu na kijani, zilizokatwa kwa kisu butu zimechanika kama nyuzi za katani, na zikikauka ua mzima unaonekana mweupe. Wengi hudhani ni ugonjwa, wakaongeza mbolea.

Mbolea natumia urea, gramu 6 kwa mita ya mraba, karibu nusu kilo kwa ua wote, mara tatu hadi nne kwa mwaka. Nusu naimwaga nikienda urefu, nusu nikienda upana, majani yakiwa makavu, kisha namwagilia mara moja. Ikiachwa juani sehemu ya naitrojeni inapotelea hewani.

Yakitokea madoa ya kahawia ya ghafla, nachanganya vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya vyombo kwenye lita 5 za maji na kumwaga kwenye mita moja ya mraba pembeni mwa doa. Kama ni viwavi, watapanda juu ndani ya dakika kumi. Wasipotoka, nakata kipande kwa kisu nione ubavu wake: tabaka la vishina vilivyokufa likizidi sentimita 1.5, maji hayafiki kwenye udongo. Hapo nakwangua kwa reki ya chuma, nanyunyiza mchanga milimita 4 na kuusugua kwa ufagio hadi majani yaonekane.